Herufi za kwanza kwa mtoto wa Bukavu: jina, sauti, silabi au neno zima?

Mwaka wa shule unapoanza, Septemba, swali ni lile lile mlangoni mwa kalasi: "Mwalimu, mtoto aanze na nini?" Mama mmoja anataka asikie a, be, se, de ya Kifaransa kwa kuwa ndivyo alivyosomeshwa yeye mwenyewe. Papa mwingine ameambiwa kwamba siku hizi herufi zinafundishwa kwa sauti zake, na anaogopa kwamba huko ni kumchelewesha mtoto. Kalasi ya jirani inaimba ba, be, bi, bo, bu mpaka barabarani inasikika, na watoto wake wanasoma. Halafu zipo materneli, shule za watoto kabla ya primeri, zinazobandika maneno mazima ukutani ili mtoto ayazoee kwa macho.

Njia zote nne zinapatikana hapa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika komini za Ibanda, Kadutu hata Bagira, wakati mwingine ndani ya shule moja. Ninafundisha wadogo na nina upande. Mtoto ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili aanze kwa kusikia sauti iliyo mwanzoni mwa neno, aingizwe kwenye silabi mapema, na majina ya herufi yaje nyuma. Nitaeleza kwa nini, na nitaonyesha pia pale ambapo njia nyingine inastahili kuchaguliwa.

Majina ya herufi

Wimbo wa alfabeti una faida moja kubwa: nyumba nzima inaujua. Dada mkubwa anaweza kumfundisha mdogo wake bila kaye (daftari) wala chaki. Tena majina yana kazi yake maishani. Karani akitaka kuandika jina lako bila kosa, anakuomba umtajie herufi moja moja. Anayetafuta neno kwenye kamusi anahitaji kujua herufi ipi inatangulia ipi.

Shida inatokea pale mtoto anapotaka kusoma. Majina tunayotumia hapa ni ya Kifaransa, na hayasaidii kwa usawa. B, D, P, T, V, K na Z zinatanguliza sauti yake: be, de, pe, te, ve, ka, zedi. Hapo mtoto anapata pa kushika. Lakini M, N, L, S, F na R zinaificha sauti nyuma: emu, enu, elu, esi, efu, eri. Mwambie mtoto wa miaka minne kwamba "mama" inaanza kwa emu, naye anasikia e mwanzoni, na masikio yake hayajakosea. Kisha kuna zile zinazopoteza kabisa. H inaitwa ashi, na ndani ya jina hilo hakuna h. G inaitwa zhe, wakati gari na Goma zinaanza kwa sauti nyingine. W ni dubleve, Y ni igreki. U ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ni irabu na inatokea kila mahali: jina lake la Kifaransa linatamkwa midomo ikiwa imekunjwa kama ya u huku ulimi ukiwa mahali pa i, sauti ambayo Kiswahili hakina. U yetu, Wafaransa wanaiandika kwa herufi mbili, o na u.

Mpe mtoto anayejua majina peke yake neno dogo kama "wewe". Atasema dubleve, e, dubleve, e. Kutoka hapo hadi "wewe" hawezi kufika mwenyewe. Lazima mtu mzima amtajie jibu, na kesho yake amtajie tena.

Sauti ya mwanzo

Hapa hatusemi kwamba alama hii inaitwa esi. Tunasema kwamba alama hii ni sss, ile unayoisikia mwanzoni mwa sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani), sombe (majani ya muhogo) na sabuni. Kazi yenyewe inaanza kabla mtoto hajaonyeshwa herufi yoyote. Nataja maneno matatu, sukari, sahani, kuku, na kuuliza lipi limeanza tofauti na wenzake. Au nasema: leo tunaenda sokoni Kadutu, na kwenye kikapu tunatia vitu vinavyoanza kwa mmm peke yake. Mmoja anatia maharagi, mwingine mukate, mwingine mafuta. Anayetia ndizi anasahihishwa na wenzake kabla mimi sijafungua mdomo.

Mzazi anaweza kuona kwamba huo ni mchezo tu. Lakini mtoto asiyesikia kwamba sabuni na sukari zinafanana mwanzoni hana sababu ya kuelewa kwa nini zote mbili zinaandikwa kwa alama moja. Mwaka 2000 jopo la Marekani liitwalo National Reading Panel lilitoa ripoti baada ya kupitia utafiti mwingi juu ya kusoma. Lilikuta kwamba kumzoesha mtoto kusikia sauti ndani ya maneno, na kumfundisha kwa mpangilio herufi ipi inaandika sauti ipi, vyote viwili vinamsaidia kusoma. Kiingereza kina maandishi magumu sana. Herufi moja inabeba sauti nyingi. Kiswahili karibu kila herufi ina sauti yake moja na inabaki nayo. Kama njia hiyo inawafaa watoto wa Kiingereza, kwetu inapata ardhi laini zaidi.

Mpangilio una uzito kuliko watu wanavyodhani. Usianze na A, B, C kwa sababu tu ndivyo zilivyopangwa kwenye bango. Anza na irabu tano, kisha konsonanti zinazoweza kuvutwa: mmm, sss, lll, nnn, baadaye fff na zzz. Mtoto ana muda wa kuzisikia, na akiweka irabu mbele yake zinaungana zenyewe: mmm-a, ma. Zile za kupasuka, b, d, g, k, p, t, haziwezi kuvutwa. Ukijaribu, unaongeza irabu bila kutaka, unasema "bu" au "be", na mtoto anasoma "bu-a" akidhani amesoma "ba". Huu ndio udhaifu wa kweli wa njia ya sauti, na walimu wengi wameiacha kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kutotamka b peke yake hata kidogo. Itaje daima ikiwa ndani ya silabi, ba au bo, na umwonyeshe mtoto midomo inavyofungwa kabla ya kufunguka.

Kuna jambo jingine la Kiswahili chenyewe. Muulize mtoto ndizi inaanza kwa sauti gani, naye atajibu "ndi". Mbuzi, "mbu". Ngoma, "ngo". Usimlazimishe kukata n kutoka d. Kwa sikio lake nd ni kitu kimoja, na ni afadhali uifundishe kama kitu kimoja, pamoja na mb, ng, nj na ny, baada ya zile nyepesi kukaa. Th, dh, gh na kh zingoje zaidi. Katika Kiswahili chetu cha Kivu wengi wanasema zahabu na garama, kwa hiyo dhahabu na gharama ni masomo ya tahajia ya baadaye. Siyo mifano ya kumwanzishia mtoto wa materneli.

Silabi

Ba, be, bi, bo, bu ina watetezi wengi, na wana hoja. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia kwa irabu, irabu ni tano tu, na mtoto akishika silabi anaweza kusoma neno zima siku hiyo hiyo. Kalasi iliyojaa, mwalimu mmoja na tablo moja, inafundishika kwa njia hii. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure katika mwaka wa shule 2019–2020, kalasi nyingi zilifurika, na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake akivuta sss.

Hatari yake ni wimbo. Mama mmoja alikuja kwangu amefurahi: "Mwalimu, huyu anasoma kaye yote!" Nikampongeza mtoto, kisha nikafunika ukurasa kwa mkono, nikaacha "mu" peke yake. Mtoto aliniangalia, akaanza: ma, me, mi, mo, mu. Ilimbidi apitie zote nne ili aifikie ya tano. Alikuwa amehifadhi mstari, na macho yake yalikuwa hayajaanza kazi.

Fanya hesabu kidogo. Konsonanti za herufi moja katika Kiswahili ni 18. Zikiunganishwa na irabu 5 zinatoa silabi 90. Mtoto anayehifadhi silabi kama picha ana picha 90 za kubeba, na bado hatujagusa ch, sh, mb, nd, ny wala kwa, mwa, bya. Mtoto aliyefundishwa kwamba ndani ya "ma" kuna mmm na a ana alama 23 tu, na silabi nyingine anazijenga mwenyewe, hata zile ambazo mwalimu hajaziandika kwenye tablo. Kipimo ni chepesi: fundisha ma, mo, la, kisha andika "lo" ambayo hajawahi kuiona. Akiisoma, ameelewa. Akinyamaza au akakisia, anaimba bado.

Ndiyo maana sioni sauti na silabi kama njia mbili za kugombana. Nazipanga moja nyuma ya nyingine, karibu karibu. Irabu tano pamoja na m, s, l, n ni alama tisa, nazo tayari zinatoa mama, sasa, lala, lima, sema, simu, nani, nane, mimi, hata elimu. Mtoto wa miaka mitano anayesoma "simu" kwenye karatasi aliyoandikiwa na mama yake anataka kuandikiwa nyingine.

Neno zima

Njia hii ilitetewa sana na Ovide Decroly, daktari wa Ubelgiji aliyefungua shule yake Brussels mwaka 1907. Mtoto anaanza na sentensi au neno lenye maana kwake, analitambua lote, na vipande vinakuja baadaye. Ina uzuri wake: mtoto anajua tangu mwanzo kwamba maandishi yanasema kitu. Kwa jina lake mwenyewe, kwa "mama" na "papa", kwa jina la shule kwenye ukuta, itumie bila wasiwasi.

Kama njia kuu, kwa Kiswahili inakwama upesi, na sababu iko kwenye sarufi yetu. Kitenzi kimoja kina sura nyingi: ninasoma, tulisoma, atasoma, hawasomi, nisomee, wasomeshe. Mtoto aliyehifadhi "anasoma" kwa umbo lake hatambui "hatukusoma", ingawa ni neno analolisema kila siku. Hakuna ukuta wa kutosha kubandika sura zote hizo.

Picha za bango

Wazazi wananunua mabango ya alfabeti mjini, na mengi yametungwa kwa mtoto wa mahali pengine. Tatizo halijifichi kwenye mabango ya Kifaransa peke yake. Chukua bango la Kiswahili lililotungwa Afrika Mashariki: kwa U wameweka sahani ya ugali. Mtoto wa Bukavu anaitazama na kusema "bugali". Amesikia vizuri, kinywa chake kinaanza kwa b. Lubumbashi mwenzake atasema "bukari", b vilevile. Kwa V wameweka viatu, na hapa nyumbani watoto wengi wanasema "biatu". Kwa hiyo picha mbili zilizowekwa kufundisha u na v zinafundisha b mara mbili.

Kabla ya kununua au kubandika, mpitishe mtoto kwenye picha moja moja, umuulize "Hii ni nini?", usikilize anavyoiita yeye. Picha ambayo jina lake kinywani halianzi kwa herufi iliyoandikwa juu yake, ifunike. Kwa u weka ua au uso. Kwa v weka valizi au vesti. Mukate na mkate havitaleta shida kwenye sauti ya mwanzo, m ni m. Vitaleta shida siku atakapolikuta neno kitabuni na kutafuta u ambayo haipo. Siku hiyo mwambie tu kwamba kitabu kinaandika mkate, na sisi tunapozungumza tunasema mukate. Watoto wanapokea hilo kwa urahisi, mradi asicheke mtu.

Kuna pia suala la wingi. Kiti na kikombe zinafundisha k, lakini weka viti viwili kwenye picha na sauti ya mwanzo imegeuka. Picha iwe na kitu kimoja.

Vitu halisi vinashinda bango. Sabuni, sahani, sukari na sambaza moja kavu juu ya meza havigharimu kitu, na mtoto anavishika. Herufi za msasa alizozitumia Maria Montessori, daktari wa Italia ambaye pia alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907, huko Roma, zinatengenezeka hapa: kata herufi kwenye karatasi ya msasa, ibandike kwenye kartoni, mtoto aipitishie kidole huku akitamka sauti yake, wala asitaje jina. Programu za simu ninaziweka mwisho. Nyingi zinatamka herufi kwa Kifaransa au Kiingereza, na J yao na U yao si zetu.

Jina la mtoto lenyewe

Herufi ya kwanza ambayo mtoto anaitaka ni ya jina lake, na hapa Bukavu hilo linahitaji mwalimu mwenye subira. Furaha, Neema, Baraka, Amani, Zawadi, Riziki: hawa wanaweza kuanza na jina leo hii, maana herufi na sauti vinakubaliana. Gisèle ana G isiyokuwa ile ya gari. Chantal ana ch inayosikika kama sh, na Christian ana ch inayosikika kama k. Cikuru, jina la Kishi, lina C inayotamkwa kama ch ya chai. Jina la Karhale linaandikwa kwa rh, na rh haimo katika alfabeti ya Kiswahili. Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, inaandikwa kwa dj mahali ambapo Kiswahili kingetosheka na j.

Mimi nawafundisha wote kuandika jina lao jinsi lilivyo kwenye karatasi za wazazi, kama neno zima, bila kulikata. Kwa mchezo wa sauti za mwanzo, Gisèle anasimama na herufi ya kitu anachokipenda mpaka atakapokuwa na Kifaransa cha kutosha. Nikimweka kwenye kundi la gari na Goma kwa ajili ya maandishi ya jina lake, nitamfundisha kutoyaamini masikio yake.

Kiswahili kwanza au Kifaransa kwanza

Katiba ya Kongo ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaziruhusu kuwa lugha za kufundishia. Katika miaka miwili ya kwanza ya primeri mtoto wa huku anatakiwa asome kwa Kiswahili. Wazazi wengi wanapenda Kifaransa tangu materneli, na ninaelewa sababu: mitihani na kazi za ofisi ziko huko.

Lakini angalia kinachohamishika. Mtoto anayesoma Kiswahili na kuingia Kifaransa anabeba a, i, o, b, d, f, k, l, m, n, p, t, v na z karibu bila kuzibadilisha. Za kujifunza upya ni u, e, j, ch, h, na g pamoja na c zinapokutana na e au i, kisha irabu za puani na herufi za mwisho zisizotamkwa. Akianza na Kifaransa, anakutana na magumu hayo yote kabla hajaelewa kwamba herufi inaandika sauti, tena katika maneno ambayo hajui maana yake. Kwangu Kiswahili kwanza, na Kifaransa kwa mdomo pembeni: nyimbo, salamu, majina ya vitu.

Ukishaona hali yako

Mtoto wako yuko materneli ya Kifaransa na minervali (karo) imeshalipwa? Usimtoe, na usishindane na mwalimu wake. Nyumbani cheza naye sauti za mwanzo kwa Kiswahili, kwa kusikia tu, bila kaye. Atakuwa na masikio tayari, na shule itaweka herufi juu yake.

Mwalimu mwenzangu mwenye kalasi iliyofurika, baki na silabi zako. Zivunje tu mpangilio: andika mo, le, su, na, usiandike ma, me, mi, mo, mu kila siku, na uwaite watoto kwa safu, siyo kalasi nzima kwa sauti moja, ili uwasikie wanaonyamaza. Aliye na mtoto mmoja nyumbani na muda mfupi jioni aende polepole na sauti, alama mpya ikija pale tu ile ya jana imekaa. Majina ya herufi yaingie mtoto akishasoma maneno mafupi mwenyewe. Hapo atayashika upesi, wala hayatamchanganya.

Na yule ambaye michezo imerudiwa na bado hatofautishi mwanzo wa sabuni na mwanzo wa kuku, usibadilishe njia kwanza. Msemeshe kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Asipogeuka, au kama sikio limekuwa likitoa usaha, mpeleke kituo cha afya apimwe masikio kabla ya kumnunulia kaye nyingine.